Fumbo la Kilindini na hadithi ya mtu mmoja

Filamu ya The Imitation Game ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2014, watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza jina la Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyefumbua maandishi ya siri ya Wajerumani katika jumba la Bletchley Park wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Benedict Cumberbatch anamwigiza kwa ustadi, mwongozaji Morten Tyldum ameipa hadithi mwendo wa kusisimua, na Graham Moore, aliyeandika mchezo wenyewe, akapata tuzo ya Oscar mwaka 2015. Mtazamaji anatoka na picha moja kichwani: kijana mpweke asiyeelewana na mtu, anabezwa na wakubwa wake, anang'ang'ania mashine yake mpaka usiku mmoja wazo linamjia ghafla, Enigma, mashine ya Wajerumani ya kufumbia maandishi, inafunguka na vita vinageuka. Picha hiyo inapotosha. Kufumbua siri za vita ilikuwa kazi ya watu wengi, kazi ya kuchosha, na mara nyingi mlango ulifunguliwa na kosa la adui au na ushujaa wa baharia asiyejua hisabati hata kidogo. Ushahidi wa hayo hauko Uingereza peke yake. Upo Mombasa, ng'ambo ya maji tu kwa mtu wa Likoni au Kisauni, katika shule ambayo vijana wanasoma hadi leo.

Tuanze na Enigma yenyewe, kwa maana hapo ndipo filamu inapojenga hoja yake. Mashine hiyo haikufunguliwa kwanza na Mwingereza. Desemba 1932, Marian Rejewski wa Poland aligundua kwa hesabu jinsi nyaya zake za ndani zilivyopangwa, na pamoja na wenzake Jerzy Różycki na Henryk Zygalski akawa anasoma barua za jeshi la Ujerumani miaka kadhaa kabla ya vita. Julai 1939, wiki chache kabla nchi yao haijavamiwa, Wapolandi waliwaita Waingereza na Wafaransa karibu na Warsaw wakawafunulia yote waliyoyajua. Turing alianzia hapo. Mashine ya kuifumbua Enigma, ambayo filamu inaiita Christopher, haikuwahi kuitwa hivyo. Ya kwanza iliitwa Victory, ilijengwa na mhandisi Harold Keen na mafundi wake, na ilipata makali yake kamili baada ya Gordon Welchman kubuni nyongeza iliyopunguza sana majibu ya uongo. Welchman hayumo kabisa katika filamu. Mle ndani ya Bletchley na vituo vyake, vita vilipopamba moto, walifanya kazi watu wapatao 10,000, na takriban robo tatu yao walikuwa wanawake: wa kusikiliza redio, wa kuandika, wa kupanga kadi, wa kuzilisha na kuzitunza mashine usiku kucha. Filamu inampa nafasi kubwa mmoja tu, Joan Clarke, aliyekuwa kweli mwanahisabati hodari, kisha inaacha karibu wengine wote wapite nyuma ya kamera.

Kuna watu watatu ninaosikitika zaidi kwamba filamu haikuwaona. Oktoba 30, 1942, mashariki ya Mediterania, manowari za Kiingereza, mojawapo HMS Petard, ziliiandama nyambizi ya Kijerumani U-559 mpaka ikalazimika kuibuka juu. Mabaharia wake wakaiacha. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier wakaogelea hadi pale, wakaingia ndani ya chombo kilichokuwa kikijaa maji gizani, wakawa wanapokeza vitabu vya siri juu kwa Tommy Brown, kijana wa miaka 16 aliyekuwa mhudumu wa kantini ya meli. Nyambizi ikazama ghafla na wale wawili wakiwa ndani. Vitabu walivyovitoa ndivyo vilivyowawezesha wafumbuzi wa Bletchley kuanza tena kusoma mawasiliano ya nyambizi za Atlantiki Desemba mwaka ule, baada ya miezi kumi ya kutoambulia kitu. Wanahisabati bora wa Uingereza, Turing miongoni mwao, walikuwa wamekwama muda wote huo, wakawa wanangoja karatasi zilizolowa chumvi kutoka mkononi mwa kijana wa kantini. Jina la Petard tutalikuta tena, katika safari iliyoanzia Kilindini, bandari ya Mombasa.

Kilindini iliingia katika vita hivi kwa sababu ya kushindwa. Idara ya Waingereza ya kusikiliza redio za Wajapani ilianzishwa Hong Kong mwaka 1935, ikahamia Singapore mwaka 1939, na Januari 1942, Singapore ikiwa ukingoni mwa kuanguka, ikakimbilia Colombo. Huko nako hakukukalika. Aprili 5, siku ya Pasaka, ndege za Japani ziliishambulia Colombo na kuzamisha manowari mbili, Dorsetshire na Cornwall. Siku nne baadaye zikaizamisha Hermes, meli ya kubebea ndege, karibu na pwani ya Ceylon. Admirali James Somerville akazirudisha nyuma meli zake kubwa hadi Mombasa. Wafumbuzi wakapakiwa melini na mafaili yao, wakashuka hapa mapema Mei 1942. Kipindi hicho meli kama Warspite zilipita katika mlango uleule mwembamba ambao feri ya Likoni huukata kila siku, na mtu yeyote aliyekuwa ufuoni aliweza kuziona. Asichoweza kukijua ni kwamba katika shule ya Allidina Visram kisiwani, iliyojengwa kwa ukumbusho wa tajiri wa Kihindi aliyekuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda, wanafunzi walikuwa wamepisha watu wa kazi nyingine, na katika madarasa yao kulikuwa na mabunda ya karatasi zenye tarakimu za Kijapani.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko inavyopendeza kuonyesha kwenye skrini. Mombasa iko mbali sana na bahari ya Japani, na mawimbi ya redio yaliyofika hapa yalikuwa dhaifu. Ujumbe ulinaswa nusunusu, na mwingi haukunaswa kabisa. Msimbo mkuu wa jeshi la wanamaji la Japani, ulioitwa JN-25, ulihitaji ujumbe kwa maelfu ili ulinganishwe, na Kilindini haikuwa na maelfu hayo. Kwa hiyo wapo wanaosema kituo hiki kilikuwa mahali pa kujificha tu, kisicho na faida. Wangekuwa na haki kama si msimbo mwingine, JN-40, uliotumiwa na meli za biashara za Japani, zikiwemo meli za mafuta.

Ili kuona kilichotokea, tuchukue ujumbe mdogo wa kubuni: meli mbili zaja leo. Una herufi kumi na sita. Ziandike katika mistari minne ya herufi nne nne: MELI, MBIL, IZAJ, ALEO, kila mstari chini ya mwenzake. Sasa usizisome kwa kwenda upande. Zitoe kwa kushuka, safu baada ya safu, ukianza na ya tatu, kisha ya kwanza, ya nne na ya pili. Utapata LIAE MMIA ILJO EBZL. Herufi zote zipo, hakuna hata moja iliyobadilishwa, lakini anayenasa ujumbe huo hewani hana pa kushika. JN-40 ilikuwa na ukuta mmoja zaidi, kwani kabla ya kuingizwa kwenye mraba, ambao wao waliufanya wa kumi kwa kumi, maneno yaligeuzwa kuwa tarakimu kwa jedwali. Wafumbuzi hata hawakujua kwamba kuna mraba. Walidhani ni kitabu cha msimbo kilichoongezewa tarakimu juu yake, kama JN-25, wakawa wanautafuta ufunguo wa mlango ambao haukuwepo.

Kisha mwendesha redio mmoja wa Kijapani akafanya kosa. Alituma ujumbe mrefu akasahau kutaja meli iko wapi. Badala ya kutuma mahali peke yake, aliandika ujumbe wote upya, akaongeza vipimo vya mahali na kuufumba kwa ufunguo uleule. Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme amesahau neno Lamu, akaliongeza kama mstari wa tano. Ujumbe wa pili utakuwa LIAEM MMIAL ILJOU EBZLA. Weka wa kwanza kando ya wa pili: kila kundi limebaki vilevile na kuongezeka herufi moja mwishoni. Hapo hapo unaona urefu wa kila safu, na herufi nne zilizozidi, M, L, U na A, ukizipanga vizuri zinakupa neno lililosahauliwa. John MacInnes na Brian Townend, wawili kati ya wafumbuzi wa Kilindini, waliona jambo la namna hiyo katika tarakimu zilizochanganyika mara nyingi zaidi ya hizi zetu, wakatambua kwamba walichokuwa wakipambana nacho si kitabu bali ni mraba. Kufikia Novemba 1942, meli za biashara za Japani zilikuwa zinasomwa kutoka Mombasa, ujumbe mpya na wa nyuma pia, na baada ya muda mfupi misimbo mingine miwili, JN-152 na JN-167, nayo ikafumbuliwa.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Japani iliingia vitani kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mafuta, na mafuta hayo yalipaswa kusafirishwa kwa meli kutoka visiwa vya Indonesia ya leo hadi nyumbani. Anayejua meli ipi inapita wapi na lini ameshika koo la nchi ya visiwa. Habari hizo zilipewa Wamarekani, na nyambizi zao ndizo zilizozamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara ambazo Japani ilipoteza. Sisemi kwamba Kilindini ilishinda vita. Kusema hivyo kungekuwa kuhamisha uongo wa filamu kutoka Bletchley na kuuleta Mombasa. Kilindini ilikuwa nukta moja katika kazi iliyoendeshwa pamoja na Washington, Melbourne, Delhi na Bletchley. Nasema tu kwamba katika nukta hiyo tunaweza kuona waziwazi jinsi siri zilivyofumbuliwa hasa: watu wengi wa kusikiliza, karani wa kupanga, kosa la mtu mmoja upande wa pili wa bahari, na macho mawili matatu yaliyozoea kuangalia tarakimu kiasi cha kulitambua kosa lilipopita. Akili ilihitajika, tena akili kubwa. Lakini ilihitaji kulishwa.

Mtengenezaji wa filamu atajibu kwamba mchezo wa saa mbili hauwezi kubeba watu 10,000. Mtazamaji anahitaji uso mmoja wa kuufuata, na Turing alistahili kufuatwa. Jibu hilo lina uzito. Turing alikuwa na kipaji cha pekee, na nchi aliyoitumikia ilimtendea ubaya mkubwa: mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano wake na mwanamume mwingine, akalazimishwa kutumia dawa za homoni ili asifungwe, na Juni 1954 akafa akiwa na miaka 41. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009 na msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013. Filamu ilisaidia watu wengi kuijua dhuluma hiyo, nami naihesabu kuwa heri yake kubwa. Ila kumtetea aliyesahauliwa hakuhitaji kuwasahaulisha wengine. Filamu inamfanya Alastair Denniston, mkuu wa Bletchley aliyekwenda mwenyewe Poland mwaka 1939 kupokea siri ya Enigma, kuwa mkubwa mkaidi anayetaka kuizima mashine. Inamweka John Cairncross, jasusi wa Wasovieti, katika kikundi cha Turing ilhali hawakufanya kazi pamoja. Haya hayakulazimishwa na ufupi wa saa mbili. Yalitokana na imani kwamba shujaa haonekani mpaka waliomzunguka wawe wajinga au wasaliti, na imani hiyo sinema za dunia nzima zimeizoea kupita kiasi.

Pingamizi la pili ni la nyumbani, nalo ni zito zaidi. Mtu wa Changamwe anaweza kuuliza: hivi vilikuwa vita vya Waingereza na Wajapani, chumba kilikuwa cha Waingereza, Mwafrika alikuwa mtawaliwa katika mji wake mwenyewe, filamu ya Kilindini inatuhusu nini? Inatuhusu kwanza kwa sababu kilichokuwa kikisomwa kwenye zile karatasi ni habari za meli, na ndani ya meli za bahari hii walikuwemo watu wa kwetu. Februari 5, 1944, meli tano za abiria ziliondoka Kilindini kuelekea Colombo, zikiwa na askari waliokuwa wakipelekwa mashariki, ambako Waafrika Mashariki walipigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail. Meli ilizama katika muda wa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Manowari mbili zilizokuwa zikiusindikiza msafara zilimwaga mabomu ya kina kuisaka nyambizi iliyojificha chini ya watu waliokuwa bado wanaogelea, na hatimaye torpedo ya mojawapo ikaimaliza I-27. Manowari hiyo ilikuwa Petard, ileile iliyovipata vitabu vya Enigma. Wafumbuzi walikuwa wameshahama Mombasa na kurejea Colombo mwaka 1943. Hadithi ya Bletchley na hadithi ya askari waliopanda meli Kilindini zimekutana katika chombo kimoja, na nijuavyo hakuna filamu ya sinema iliyozikutanisha.

Inatuhusu pia kwa sababu bandari haikujiendesha. Meli za Somerville zilihitaji mafuta, maji na chakula, na shehena za bandari zilipita mikononi na mabegani mwa makuli. Walitoka kisiwani, wakatoka bara pia, wakivuka kwa feri Likoni, kwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maji tangu 1931, na kwa njia ya Makupa. Mshahara ulikuwa mdogo na vita vilipandisha bei ya vyakula na kodi za vyumba. Manung'uniko yalianza kabla: mwaka 1939 bandari iligoma, serikali ikaunda tume. Mwaka 1945 ikaundwa kamati nyingine kuchunguza hali ya wafanyakazi wa Mombasa. Januari 13, 1947, mji ukasimama. Maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma kwa takriban siku kumi na mbili, wakikutana kila siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akaibuka kuwa kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Baadaye mwaka huohuo serikali ilimkamata ikampeleka kizuizini Baringo kwa miaka mingi. Filamu ya Kilindini inayoanza na manowari na kuishia na msimbo uliofumbuliwa itakuwa imekata hadithi katikati, kwa sababu vita vilipokwisha wafumbuzi walirudi kwao na siri zao, na makuli wakabaki na bei zilezile.

Hapa nataka kuonya dhidi ya kishawishi kimoja, kwa kuwa kitakuja. Mtu atasema: basi tubuni kijana Mmombasa, mfagiaji wa shule, anayechungulia ubao na kulitatua fumbo la JN-40 kabla ya Waingereza. Ukumbi utapiga makofi. Nami nakataa. Majina ya wafumbuzi wa Kilindini yaliyokwisha kuchapishwa ni ya Waingereza, na hilo lenyewe ni ushahidi wa jinsi ukoloni ulivyopanga nani afikiri na nani abebe. Ukibuni Mwafrika ndani ya chumba kile umeufuta ubaguzi uliomzuia kuingia. Wala si kwamba pwani hii haikuwa na watu wa kufumba na kufumbua. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa enzi za Mazrui, alitunga beti za siasa na vita ambazo maana yake ilihitaji kuchimbuliwa, na washairi wa miji hasimu walijibizana kwa namna hiyo huku wasikilizaji wakikesha kutafuta kilichofichwa. Akili ilikuwepo. Mlango ulifungwa, na filamu ya kweli ionyeshe mlango ukiwa umefungwa.

Kizuizi cha mwisho ni usiri wenyewe. Waliofanya kazi hizi waliapa kunyamaza, na habari za Enigma hazikuanza kufahamika kwa umma hadi miaka ya 1970, ndiyo maana Mombasa ilikaa kizazi kizima bila kujua kilichofanyika katika shule yake. Leo usiri huo umeondoka kwa sehemu kubwa. Nyaraka za wafumbuzi wa Mashariki ya Mbali zipo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, na wanahistoria wamekwisha kuzitumia. Za bandari, pamoja na ripoti za tume ya 1939, za kamati ya 1945 na za baraza lililosikiliza madai ya wagomaji wa 1947, zimehifadhiwa pia. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma pande zote mbili kwa pamoja, tarehe kwa tarehe, ajue wiki ambayo JN-40 ilifunguka unga uliuzwa bei gani Changamwe, na nani alikuwa zamu gatini. Kazi hiyo ni ya mtafiti mwenye subira, nayo itangulie kabla hajatafutwa mwigizaji mkuu.